Pwani ya Kutolea Eda

Wageni wakiniuliza pwani gani ni nzuri, huwapeleka dikoni. Pale mashua huteremsha samaki, mchanga umeshiba damu na magamba, na nzi hawana adabu. Wakikunja pua nawaambia ndiyo hiyo, hakuna nyingine. Vijana wa Masoko wanaopata riziki kwa kutembeza watu hunilaumu. Wanasema bibi huyu ana roho mbaya, anatufukuzia wageni. Na waseme. Mimi najua pwani nzuri inavyochaguliwa, nilikuwepo.

Kijiji chetu kilikuwa mwendo wa asubuhi kwa miguu kutoka Masoko. Si kijiji nilichozaliwa. Nilizaliwa huko ndani, kwenye mikorosho ya baba, ambako kila nyumba ilikuwa na kivuli chake na jirani ulimsikia akitwanga kabla hujamwona. Ilipokuja amri ya kuhamia vijijini tuliteremshwa karibu na bahari, tukapangwa mstari kama watoto wa shule, tukaambiwa zahanati itakuja, darasa litakuja, bomba litakuja. Baadhi vilikuja, siwezi kusema uongo. Baba hakuvisubiri. Tulihama masika yanaanza, akalala kwenye nyumba ambayo paa lake lilikuwa nusu makuti nusu mawingu, kifua kikambana, akafa kabla mahindi hayajakomaa. Mama akaingia eda.

Mimi nilikuwa mtu mzima wakati huo, nimeolewa Lindi na kuachika, nimerudi kwetu na kasha langu la nguo. Nilikuwa mtoto wa pekee. Kisima, kuni, shamba la kijiji, mikutano, vyote vya nje nilivibeba mimi. Mama alikaa ndani amevaa kaniki, hajipaki mafuta, hatii wanja, haonani na mwanamume asiye maharimu wake, yaani ndugu asiyeweza kumwoa. Mwanamume aliyeingia kwetu alikuwa mmoja tu, mjomba, kaka yake wa tumbo moja. Ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji.

Mjomba alikuwa na adabu kupita kiasi. Nasema hivi nikiwa na hasira, lakini ni kweli. Ukiisifu kofia yake alikuwa akiivua palepale, anaweka mkono kifuani, anakwambia, "Chukua, ni yako." Na wewe, kama umelelewa, unajibu, "Nimepokea, nitunzie." Kofia inarudi kichwani pake, na nyinyi wawili mmeheshimiana. Ndivyo watu wa rika lake walivyoishi. Walipeana mbuzi, mashamba, hata mabinti, na jioni kila mtu alilala na chake. Sijapata kuona mtu wa kwetu akiondoka na kofia.

Sasa nieleze habari ya eda, maana bila hiyo mtu hawezi kuelewa tulipotezewa nini. Kwa dini eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi, ikitimia imetimia. Kwa wanawake wa kwetu ilikuwa haijatimia mpaka bahari iipokee. Siku ile, baada ya sala ya alfajiri, mjane anatolewa pwani. Mbele anakwenda somo wake, yaani yule mwanamke aliyemfunda alipokuwa mwari, anagonganisha vifuu viwili ili wanaume walio njiani wasikie waingie ndani au wageukie ukutani. Mjane anafuata amefunikwa gubigubi, hasemi neno. Anaingia majini mpaka kifuani. Somo anamvua kaniki, anaiachia iende na maji yanayokupwa, anamwosha, anamvika kanga mpya, halafu ndipo vigelegele. Kaniki ikishakwenda, msiba umekwenda. Lakini jicho la mwanamume lisimwangukie kabla hajavaa. Likimwangukia, anarudi na msiba wake nyumbani.

Kwa kazi hiyo si kila pwani inafaa. Dikoni kuna wanaume mchana kutwa. Mikokoni, wanawake walikochemsha chumvi, ni tope mpaka magotini, na kitu ukikiachia hapo kinakaa hapohapo. Majabalini ni miamba na miiba ya bahari, ni mahali pa kutafuta pweza, huwezi kumsimamisha mtu hapo amefumba macho. Ikabaki Mikadini, ndiko wajane wetu walikoletwa tangu tulipokuwa tukiishi ndani. Mchanga mweupe, maji yanayovuta kwenda nje bila kelele, na pazia la mikadi na mivinje lililoziba kila upande. Mwanamume hakukanyaga Mikadini. Hakuna aliyemkataza kwa mdomo, alikuwa anajua tu, kama anavyojua kutoingia jikoni kwa mama mkwe wake.

Mama alikuwa amekaa eda karibu nusu wakati wageni wa kuchagua pwani walipofika. Alikuwepo bwana mmoja kutoka Dar es Salaam, mwenye suti ya mikono mifupi na miwani ya jua, na Mzungu mmoja mtaalamu mwenye kamera shingoni. Tuliitwa mkutanoni. Yule bwana akasema serikali inatafuta vivutio.

Mjomba akauliza, kwa heshima zote, "Ndugu mgeni, hivyo vivutio vinavuta nini?"

"Vinavuta watu, Ndugu Mwenyekiti. Watu wenye nafasi zao, kutoka nchi za baridi. Mnayo magofu pale Kisiwani, hicho ni kivutio. Mna samaki, mna ngoma. Sasa tunataka pwani ya kuogelea. Miaka michache tu hapa patakuwa mji wa starehe, hoteli inatazamana na hoteli."

Tukapiga makofi. Miaka ile tulipiga makofi kwa kila kitu, hata tangazo la nguruwe kuingia shambani.

Kamati ya kuwatembeza ilitakiwa iwe na mwanamke, nikawekwa mimi kwa kuwa nilijua kusoma. Tulianza dikoni. Mzungu akatoa leso akaifunika pua. Tukaenda Mikokoni, kiatu cha yule bwana kikazama topeni, kikatolewa na watu wawili. Tukaenda Majabalini, wakatazama miiba ya bahari, wakatazamana wao kwa wao. Moyo wangu ulikuwa mweupe kabisa. Nilijua watapanda gari lao waende wakasumbue watu wa Lindi.

"Hakuna nyingine?" akauliza yule bwana.

Mjomba aliiweka sawa kofia yake. Mgeni ameuliza, na mwenyeji hawezi kumwambia mgeni hakuna wakati ipo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo alivyofundishwa. Akasema, "Ipo moja," akatangulia.

Walipopita mikadini wote wawili walisimama. Mzungu alivua viatu, akakunja suruali, akaingia majini akicheka peke yake. Yule bwana alivua miwani kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema, "hii ni pepo."

Mjomba akaweka mkono kifuani, akainama. "Chukueni, ni yenu."

Sote wa kamati tukasubiri. Najua wenzangu nao walikuwa wanasubiri, maana hakuna aliyevuta pumzi. Yule bwana alimpa mjomba mkono, akautikisa kwa furaha, akasema, "Ahsante sana. Wananchi wa hapa mna moyo wa kujitolea." Kisha akamgeukia Mzungu akamwambia wamepata.

Nikasema, "Mjomba, hii ni ya wanawake."

Yule bwana alicheka. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. "Wanawake ndio watakaofaidi wa kwanza, dada yangu. Watafua mashuka, watauza mikeka."

Mjomba alinitazama kama mtu aliyeshusha mguu asikute ngazi. Angesema nini? Mambo ya mjane kuogeshwa hayasemwi mbele ya wanaume, sembuse mbele ya wageni. Na kwetu mtu akitoa kitu kisha akakirudisha huambiwa amekula matapishi yake. Aliduwaa pale, mkono wake ungali kifuani, na wageni wakapanda kurudi kijijini kula wali na pweza wa nazi tuliyewapikia sisi wenyewe.

Jioni nilimweleza mama. Alicheka. "Watarudi kusema tuwatunzie. Wakubwa wana haraka tu, wanasahau."

Walirudi na nguzo. Ua ulianzia kwenye mivinje ukateremka mpaka maji yanapojaa. Vikajengwa vibanda vya makuti vizuri kuliko nyumba yoyote kijijini, na vijana wetu walioahidiwa kazi walipewa kazi ya kuvijenga, basi, vilipokwisha na kazi ikaisha. Akaletwa mlinzi kutoka bara, mwenye rungu. Wanawake waliokwenda kuokota kombe upande ule walirudishwa. Kila jioni mama aliniuliza, "Ua umefika wapi?" Nami nilimjibu. Baadaye akaacha kuuliza, akawa ananitazama tu nikiingia, anasoma usoni. Niliogopa. Mama hakuwa mtu wa kulia, alilia baba alipokufa na hakulia tena, alikuwa ameweka kila kitu kwenye ile asubuhi ya kutolewa. Usiku nilimsikia akisema na baba, anamwambia vumilia, nitakuaga vizuri.

Eda ilipokaribia kwisha nilimfuata mjomba nyumbani kwake. Nilimwambia, "Shikamoo mjomba. Uliyeitoa pwani ni wewe, uirudishe wewe."

"Marahaba," alisema. Hakunigombeza kwa lugha ile. Alivaa kanzu yake akaenda Masoko kwa miguu kumtafuta yule bwana, ambaye alikuwa amekuja na kundi la kwanza la wageni.

Alirudi uso umeng'aa. Akaingia kwetu, akakaa karibu na mama, akamshika mkono. "Dada, wamekubali. Alfajiri, kama desturi. Mlango wa ua utakuwa wazi."

"Umewaambia nini?" nikauliza.

"Nimewaambia wanawake wana shughuli yao ya mila."

"Wakasemaje?"

"Wamefurahi sana."

Mama alimbusu kaka yake mkono. Wiki ile nzima alikuwa mwepesi. Alinituma nimwitie muuza nguo, akachagua doti ya kanga kupitia dirishani, mwenye nguo akiwa barabarani amegeuka. Alichagua nyekundu, rangi ambayo baba aliipenda.

Siku yenyewe maji yalikuwa yanakupwa alfajiri, ilivyotakiwa. Somo wake, bibi kizee mwenye mgongo uliopinda lakini sauti ya kijana, alitangulia na vifuu vyake. Mlinzi alifungua mlango na kugeuka mwenyewe bila kuambiwa. Mtu wa bara, hajui mila zetu, lakini alikuwa na mama. Tulikuwa wanawake wengi kama wa harusini, tumeshika kanga. Mama aliingia majini. Weupe wa asubuhi ulikuwa umeanza kuonekana upande wa Kisiwani. Somo akamvua kaniki akaiachia, ikaanza kwenda, na mama akainua uso wake juu, nami nikamwona anavyopumua, pumzi ndefu ambayo sikuwa nimeisikia tangu tuhame.

Mwanga ukapiga. Mmoja, wa pili, kama radi ndogo zisizo na ngurumo.

Tuligeuka. Nyuma ya mikadi walikuwa wamepanga viti. Wageni wamekaa, wanaume kwa wanawake, wengine wana blanketi magotini kwa sababu ya umande, na kamera zimeinuliwa. Yule bwana alikuwa nyuma yao amesimama. Na katikati, ndani ya kanzu nyeupe, alikuwepo mjomba. Walikuwa wamemwalika, naye hakuweza kukataa. Walimwambia wanaomba tu kutazama kwa mbali, naye akawaambia karibuni.

Somo alipiga ukelele. Sisi tulikimbilia majini kuinua kanga tumzibe, tukajikwaa, tukaangukiana. Mama hakupiga kelele. Alimtazama kaka yake. Kisha akageuka akaifuata kaniki yake iliyokuwa inakwenda. Maji yakamfika mabegani, yakamfika kidevuni, nikadhani tunampoteza. Akaishika. Akajifunga kaniki ile ndani ya maji, akatoka nayo, akakataa kanga niliyomnyooshea, akapita mbele ya vile viti akichuruzika maji, hakuharakisha. Alipofika usawa wa mjomba hakusimama.

Wageni wakapiga makofi. Siwalaumu sana, walidhani ndivyo inavyoishia.

Baada ya hapo kila mtu alikuja na dawa yake. Mwalimu wa chuo cha Kurani alisema nyuma ya pazia kwamba eda kisheria imekwisha, kuogeshwa pwani ni desturi tu, Mungu hasubiri mawimbi. Alisema kweli. Somo alisema twende Lindi, kuna pwani huko hakuna anayetujua, turudie. Nami nilimwomba, nilimpigia magoti.

Mama alisema, "Nimeshaogeshwa. Nilichotoka nacho majini ndicho nilichopewa."

Akaendelea kuvaa kaniki. Alilima, alisali, alikwenda kisimani, lakini mafuta hakujipaka tena wala asumini hakuvaa, na harusi akialikwa alituma pilipili na nazi, mwenyewe haendi. Alikuja mtu wa heshima kutaka kumwoa, mvuvi mwenye mashua yake. Akajibiwa kwamba mwenye nyumba yuko edani. Watu walianza kumwona kama mwenye kasoro ya akili. Hakuwa nayo. Nimeishi na watu wenye akili zao ambao hawakuijua nafsi yao hata robo ya alivyoijua yeye.

Mjomba alikuja kesho yake ya ile asubuhi ya Mikadini. Mama alipomsikia anabisha hodi alijifunika uso, akaingia chumbani, akaniagiza nimwambie haonani na wanaume wasio maharimu wake.

"Mimi ni kaka yake!" alisema mjomba pale kizingitini. Sauti yake ilipasuka. "Dada! Nilifumba macho. Wallahi nilifumba macho, sikuona kitu."

Mama alijibu kutoka chumbani, akisema na mimi kana kwamba yeye hayupo. "Mwambie kaka hafumbi macho. Kaka husimama mbele akawafumba wenzake."

Alirudi Ijumaa nyingine, na nyingine. Alileta samaki, nikawapokea mimi. Aliacha uenyekiti. Kijijini walisema ni uzee, hawakujua kwamba alikwenda kwa yule bwana akamwomba picha zile zichomwe, na yule bwana akamwambia kwa upole kabisa zimeshakwenda Ulaya. Hilo aliniambia mwenyewe, ameshika fimbo yake kwa mikono miwili. Nilimsikiliza. Sikumkaribisha ndani.

Ule mji wa starehe haukuja. Barabara ya Dar es Salaam ilikatika kila masika, wageni wakawa wachache, kisha hakuna. Makuti ya vibanda yakaoza. Nguzo za ua watu walizing'oa wakapikia. Mikadini ikarudi kuwa wazi, lakini wanawake hawakurudi. Wajane waliofuata waliogeshwa nyuani kwa ndoo ya maji ya chumvi, na kaniki ikazikwa chini ya mgomba, kila mtu akakubali kwamba inatosha.

Mama aliugua homa mwishoni mwa msimu wa upepo wa kusi, baada ya miaka kadhaa. Alijua. Aliniita nikae kitandani kwake, akanieleza mambo yake ya mwisho, sanda iko wapi, nani amnyweshe maji. Halafu akasema, "Asiniteremshe yeye."

Nilielewa, na nilitamani nisingeelewa. Mwanamke wa Kiislamu akizikwa, wanaume hushika shuka kuzunguka kaburi ili asionekane, na wanaoshuka ndani kumlaza ni maharimu zake. Mama hakuwa na mtoto wa kiume. Baba yake alikuwa amekufa. Katika dunia nzima maharimu wake aliyebaki alikuwa mtu mmoja.

Alikufa adhuhuri. Jeneza lilipokuwa tayari nilitoka uani, nikamwita mjomba pembeni kabla hawajabeba. Alikuwa ameshakunja mikono ya kanzu kwa ajili ya kushuka. Nilimwambia maneno ya mama kama yalivyo.

"Alisema hivyo? Mpaka mwisho?"

"Alisema."

Aliikunjua mikono ya kanzu, mmoja, kisha wa pili, akavifunga vifungo. 

Wanawake hatuendi makaburini, kwa hiyo mengine niliambiwa. Walioshuka kumlaza mama walikuwa majirani wawili watu wazima. Mjomba aliomba ashike shuka. Alishika pembe ya mbele, akageuza uso wake upande wa bahari, akawaamuru wote walioshika shuka wageuze nyuso zao, akawa anawarudia kila mara, geukeni, geukeni, hata pale ambapo hapakuwa na chochote cha kuona ila mbao na udongo. Wengine waliona amezidi. Walisema alilia mpaka kanzu yake ikalowa kifuani.

Waliporudi walitarajia nitaguswa. Nilimaliza kugawa uji kwa waliokaa msibani, nikawaambia siku ya kugeuka ilikuwa nyingine, ile ya Mikadini.